Shoga, baba usimgombeze kwanza

Shoga yangu,

Asalaam aleykum, za Tabora? Huku Ujiji wazima, joto tu na dagaa wamepanda bei. Toka juzi uliponambia umekuta baba kaficha vidonge vya presha chini ya mto, ukamgombeza hadi kanuna hataki kula, mi roho haijatulia. Nakuomba usimseme tena mpaka umalize kusoma hii.

Mama nilimgombeza mwaka mzima. Ana miaka 73, kliniki kila mwezi namsindikiza mwenyewe, akipimwa tunaambiwa presha nzuri endelea na dawa hizohizo, afu nyumbani naona vidonge havipungui. Kumbe anameza siku ya kliniki tu, maana anajua atapimwa! Nikamwita mkaidi, Mungu anisamehe. Mpaka alfajiri moja ameamka kwenda kutawadha akaanguka, nikamkuta kashika ukuta anatetemeka, mkono umechubuka, kandambili moja iko mlangoni.

Safari ile tukapata nesi mmoja wa makamo, mi hakuniuliza kitu, kavuta stuli akakaa karibu na mama akamwambia, "Bibi, ukimeza hizi dawa mwili unakuwaje?" Mama kanyamaza we, afu akasema nikisimama dunia inazunguka, macho giza, naogopa. Shoga, nilitaka kulia. Naishi naye nyumba moja na sijawahi kumuuliza hilo swali.

Nesi akampima amekaa, ile namba ya juu ikasoma 138. Akamsimamisha, kamshikilia kiwiko, wakasubiri kama dakika tatu, akapima tena: 106. Ikishuka 20 tu mtu akisimama tayari ni tatizo, ndo inayoangusha wazee wengi, na kila siku mama alikuwa anapimwa amekaa kwenye kiti. Daktari akapunguza kidonge kimoja, akamwambia akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndo ainuke taratibu.

Mdogo wangu anayesomea udaktari akanielezea utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2015, unaitwa SPRINT, watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 na kuendelea. Walioshushwa presha hadi chini ya 120 walipata matatizo ya moyo na vifo kidogo kuliko walioachwa chini ya 140, kwa hiyo dawa zinaokoa watu kweli, usije ukamwachisha baba. Ila kuzimia pia kulikuwa kwingi zaidi kwa walioshushwa sana, na mtu aliyepimwa amesimama akakutwa chini ya 110 hakuingizwa kabisa. Yani mtu kama mama siku ile hakuwemo kwenye hesabu yao! Hapo ndo nikaelewa kwa nini lazima mgonjwa mwenyewe aseme anavyojisikia, bila hivyo daktari anatibu namba ya mtu aliyekaa.

Yule nesi akamuuliza tena mama anataka apone aweze kufanya nini. Akajibu, "Niende sokoni kwa miguu yangu nikachague migebuka mwenyewe." Basi kila asubuhi anainuka kwenye kiti na kukaa mara kumi, afu tunatembea, kwanza mpaka kwenye muembe, sasa hivi tunafika barabarani. Kuna utafiti mwingine wa 2014, wazee 1,635 wa miaka 70 hadi 89, waliofanya mazoezi ya kutembea na ya nguvu walikuwa wachache kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 kuliko wenzao waliopewa mafundisho tu ya afya. Mita 400 ndo sokoni hapo shoga!

Sasa jioni kaa na baba, mkiwa wawili, muulize kama yule nesi alivyouliza. Akisema kizunguzungu, miguu kuvimba, kikohozi, kwenda haja ndogo usiku kucha, andika kwenye daftari mwende nalo kliniki, na uwaombe wampime amesimama. Nipigie baadaye uniambie alivyosema yeye, maneno yake hasa.

Mama anakusalimia, anatafuta mtu wa treni akupe mawese.

Shogayo wa Ujiji