Deni langu lilinenepa kwa sababu nililificha

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa madeni ya vijana unapozuka redioni nikiwa ndani ya matatu ya mtaa wa Free Area, hukumu huwa ni ile ile: wasichana wa mjini wanapenda makuu. Abiria hutikisa vichwa, nami hutazama dirishani. Nimenyamaza vya kutosha. Mimi ni mmoja wa wasichana hao. Nina umri wa miaka 26, ni mpokezi katika kliniki ya meno hapa Nakuru, na kuna wakati nilidaiwa na programu tano za mikopo ya simu kwa mpigo.

Nililelewa nje kidogo ya mji wa Molo, ambako mama hulima viazi na kufuga kondoo. Nilipopata kazi hii Januari 2023, aliuza kondoo wawili akanipa pesa za deposti ya nyumba na godoro. Nakuru yenyewe ilikuwa imepita mwaka mmoja tu tangu ipewe hati ya kuwa jiji, Desemba 1, 2021, na neno hilo, jiji, lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Hata mwenye nyumba wangu alilitaja alipopandisha kodi.

Chumba changu cha Free Area kilikuwa Sh5,000. Mshahara ulionifikia mkononi ulikuwa Sh24,000. Miezi ya kwanza nilijimudu vizuri: nilimtumia mama Sh3,000, nikatoa mchango wa chama chetu cha kuweka akiba, na nikanunua nguo za mitumba bila kuona haya.

Halafu nikapata marafiki watatu katika kwaya ya kanisa. Nisieleweke vibaya, ni watu wema, na hadi leo ni marafiki zangu. Mmoja alitoka Subukia, mwingine Kuresoi, wa tatu upande wa Kitale. Mambo hayo niliyajua baadaye sana. Wakati huo kila mmoja alisema tu "nyumbani", kana kwamba nyumbani ni mtaa wa pili.

Siku ya kwanza waliponitembelea, mmoja alisimama mlangoni, akatazama ule uga wenye choo cha pamoja na kamba za nguo za wapangaji wanane, akasema, "Kumbe unaishi huku?" Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyonihamisha. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimepanga nyumba mtaa wa Section 58 kwa Sh14,000.

Nyumba ile ilikuwa na sebule, na sebule haiwezi kukaa tupu. Nikachukua sofa kwa kulipa polepole, kisha televisheni ya inchi 43. Nikachukua simu ya kulipia Sh120 kila siku, ile ambayo ukiruka malipo hujifunga usiweze hata kumpigia mtu umwombe. Wigi, Sh11,000. Siku ya kuzaliwa ya mwenzetu katika hoteli moja Milimani, Sh3,500 kila mtu, na nguo za rangi moja juu yake. Safari ya mashua Naivasha. Mama nilimwambia kazini wamechelewesha mshahara, na zile Sh3,000 zikakoma.

Ningeomba wanaotuhukumu waelewe jinsi mkopo huu unavyomfikia mtu. Haumpati dukani. Humpata saa tano usiku akiwa kitandani, huku kundi la WhatsApp likiuliza nani bado hajatuma mchango. Hakuna afisa wa benki wa kumhoji, wala shangazi wa kumpigia magoti. Anabonyeza mara tatu tu. Niliomba Sh6,000, zikaingia Sh4,900, nikatakiwa kurudisha Sh6,000 baada ya siku 14. Siku ya 14 mshahara ulikuwa bado, kwa hiyo nikapakua programu nyingine ili nilipe ya kwanza. Hivyo ndivyo nilivyofika tano. Kilichopungua mwanzo nyumbani kwangu kilikuwa chakula, kwa kuwa hicho hakuna mgeni anayekiona. Nilikunywa chai ya rangi jioni, nikalala juu ya sofa ya watu.

Jumatano moja asubuhi, nikiwa nimeketi mapokezini na wagonjwa watatu wakingoja, simu yangu ilianza kuita bila kukoma. Kampuni moja ilikuwa imewatumia ujumbe watu walio katika orodha yangu ya namba. Kiongozi wa kwaya aliupata. Mjomba aliupata. Daktari ninayemfanyia kazi aliupata akiwa chumba cha pili, na glavu mkononi. Mama hana simu ya intaneti, kwa hiyo yeye walimpigia.

"Kuna mtu amenipigia," aliniambia. "Anasema umetoroka na pesa zao. Mwanangu, umeiba?"

Mhariri, nimetafuta maneno ya kueleza swali lile lilivyonifanya, nimeyakosa. Nilimjibu hapana. Akauliza, basi ni nini? Nikashindwa kumwambia ni sofa.

Alikuja Jumamosi na nusu gunia ya viazi. Aliingia, akasalimia, akapita sebule bila kuketi, akaenda moja kwa moja jikoni na kufungua kabati. Mlikuwa na chumvi na pakiti ya majani ya chai. Alimenya viazi akiwa amenipa mgongo. Tulipomaliza kula ndipo aliposema niandike kila ninachodaiwa kwenye karatasi, na mimi nikaandika: Sh38,400 za mikopo ya simu, mbali na sofa na televisheni.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Marafiki zangu nao walikuwa wamepata ule ujumbe. Walikuja Jumapili baada ya ibada, nami nilikuwa nimejiandaa kuachwa. Yule aliyesema "kumbe unaishi huku" aliketi, akatoa simu yake, akanionyesha ujumbe wa vitisho kama wangu. Naye alikuwa akidaiwa. Tukaanza kutajiana mishahara, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya katika mwaka mzima wa kula pamoja. Yeye, ambaye wigi zake ndizo nilizokuwa nikizifuata, hupata Sh18,000 katika shule ya chekechea. Wa Kitale hupata Sh31,000, lakini kila muhula hukatwa na karo ya ndugu zake wawili. Ile safari ya Naivasha hakuna hata mmoja wetu aliyeitaka. Kila mmoja alitoa pesa akidhani wengine wanazo.

Tulilia, kusema kweli. Kisha tukatafuta sheria, kazi ambayo tulipaswa kuifanya zamani. Kanuni za watoaji mikopo ya kidijitali ambazo Benki Kuu ya Kenya ilizitoa mwaka wa 2022 zinamkataza mkopeshaji kutumia orodha ya namba zilizo katika simu yako kuwatumia watu ujumbe unapochelewa kulipa. Zinakataza vitisho na matusi pia. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni, na kati ya watano walionidai, wawili sikuwaona humo. Malalamishi ya namna hii hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Nimepeleka malalamishi yangu. Deni bado ninalilipa, nililikopa mimi.

Naliomba gazeti lako lichapishe kanuni hizo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mzima ikiwezekana, ili msichana azisome kabla ya kubonyeza. Na kwa wasichana waliofika Nakuru mwaka huu kutoka mashambani kama mimi: mwambie rafiki yako unapata shilingi ngapi. Mwambie wewe kwanza. Mimi wale wakopeshaji walinishika kwa sababu walijua kitu ambacho mama hakukijua. Alipokijua, kupiga kwao simu hakukuwa na maana tena. Walipompigia mara ya pili, aliwatajia kiasi cha deni hadi shilingi ya mwisho, akawaambia nitalipa mwisho wa mwezi, akakata.

Nimerudi Free Area, ua ule ule, mlango wa tatu kutoka chumba changu cha kwanza. Televisheni niliiuza. Sofa waliichukua wenyewe. Kwaya tunaendelea, na siku za kuzaliwa tunapika chapati na maharagwe nyumbani kwa anayesherehekewa. Nimebakiza Sh4,150. Kila tarehe 28 mama hupiga simu, na kabla hata ya kunieleza habari za kondoo, huuliza imebaki ngapi.

Mpokezi wa kliniki,
Free Area, Nakuru