Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Drafti, Bao na Mchezo wa Wanyama

Ndugu wanachama, wazee wetu wa baraza, akina mama, vijana, na watoto mliojipanga mbele pale kwenye mkeka: itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inataka mwenyekiti asome taarifa yake kabla ya mweka hazina kusoma mahesabu, na desturi yetu inataka yote mawili yamalizike chai haijapoa. Kwa hiyo mambo ya kawaida nitayapitia mbiombio. Drafti ya Jumapili imeendelea mwaka mzima chini ya mwarobaini wetu hapa Magomeni. Masika yalipopamba moto na maji ya Mto Msimbazi yakafunga barabara pale Jangwani, wenzetu wa Kariakoo na Ilala walikosekana, nasi wa upande huu tukahamia kibarazani kwa katibu. Mama wa nyumba ile tunamshukuru kwa uvumilivu, maana kelele za wacheza drafti kila mtu anazijua. Ada zimekusanywa kwa simu na wachache kwa mkononi. Wanaodaiwa, orodha anayo mweka hazina, na ameahidi kutoisoma kwa sauti kwa yeyote atakayemfuata kabla mkutano haujafungwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limetuchukulia muda, maneno na, kwa baadhi yetu, usingizi: mchezo wa wanyama.

Mnakumbuka ulivyoingia. Mwanachama wetu mwenye duka Kariakoo alikuta boksi moja katikati ya mzigo wa vifaa vya watoto kutoka China. Ndani mlikuwa na ubao wa kukunja, kete kumi na sita zenye picha za wanyama, na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Kichina mwanzo hadi mwisho. Wachina wanauita Dou Shou Qi. Wazee waliupokea kwa dharau, nami siwalaumu, kwa sababu kete yenye picha ya paka haimfanyi mtu mzima ajione yuko vitani. Mmoja alisema hizi ni karata za chekechea. Vijana wakaingia kwenye simu, wakazitafuta kanuni, na baada ya muda mfupi wakawa wanatufundisha sisi. Nawaandikia tena kanuni hizo hapa, kwa ajili ya waliokuwa wakitazama kwa mbali huku wakijifanya wanasoma gazeti.

Ubao una miraba 63, safu saba kwa tisa. Kila upande una wanyama wanane, na mkubwa humla mdogo au anayelingana naye: tembo, simba, chui milia, chui, mbwa mwitu, mbwa, paka, panya. Kila mmoja husogea mraba mmoja tu, mbele, nyuma au ubavuni. Kwa pembe hakuna. Katikati ya ubao kuna mito miwili, kila mmoja una miraba sita, na anayeruhusiwa kuingia majini ni panya peke yake. Simba na chui milia hawaogelei ila wanaruka, kwa upana au kwa urefu, na wakitua juu ya mnyama wanayemweza, wanamla. Kila upande una pango katikati ya mstari wa nyuma, limezungukwa na mitego mitatu. Mnyama wa adui akikanyaga mtego wako hana tena ukubwa wowote, hata panya wako anamla. Anayeingiza mnyama wake yeyote kwenye pango la mwenzake ameshinda, hata kama mwenzake amebaki na wanyama wote wanane wanaota jua.

Na panya, aliye mdogo kuliko wote, anamla tembo.

Hapo ndipo watu walipoanza kuvuta viti. Mashabiki wa Yanga walifurahi mno kuona tembo akimmeza simba, na mashabiki wa Msimbazi wakataka tembo apunguzwe cheo. Kamati iliyakataa maombi yote ya aina hiyo, pamoja na ombi la kumwingiza sungura. Naelewa hoja ya sungura. Sisi tuliolelewa kwa hadithi zake tunajua kuwa angewamaliza wote mchana mmoja. Lakini ubao una nafasi za wanyama wanane, na panya kazi hiyo anaimudu.

Wanachama, nataka niseme kwa nini mchezo huu umewasumbua hasa wale ambao kwenye drafti hawashikiki. Nimelitazama jambo hili mwaka mzima na msimamo wangu ni huu: sisi tumelelewa na michezo ambayo kula ni lazima. Kwenye drafti, kete ikikaa njiani lazima uile, upende usipende, na ufundi wote wa kumlisha mwenzako kete moja ili umle mbili unatokana na kanuni hiyo. Kwenye bao la Kiswahili ni vilevile. Ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, unakula, na ni pale tu unapoukosa ndipo unatakata, yaani unasambaza kete bila kula. Mkono wa mtu wa baraza, kwa miaka thelathini au arobaini, umezoea kwamba kilicho mbele yake huliwa. Mchezo wa wanyama haumlazimishi mtu kula chochote. Unaweza kumwona mbwa wa mwenzako amekaa hapo, unammudu, ni zamu yako, na jibu sahihi likawa kumwacha.

Mfano bora ni mechi ya nusu fainali kwenye bonanza letu la ndani, kati ya mzee mmoja ninayemheshimu sana, bingwa wetu wa drafti, na binti wa kidato cha pili. Mzee alikuwa mbele kwa wanyama wawili. Binti akamsogeza chui wake ukingoni mwa ubao, mbali kabisa, mahali ambapo tembo wa mzee angemfikia kwa hatua chache. Mzee akamfuata. Ili kumziba njia, akamtoa na paka wake aliyekuwa akilinda nyumbani. Tembo akamla chui, watazamaji wakapiga makofi, na katika zamu iliyofuata simba wa binti akaruka mto kwa urefu akatua hatua tatu tu kutoka pangoni. Hatua ya pili ilikuwa kwenye mtego. Pale hata paka angemla simba yule. Paka hakuwepo. Mzee alinyanyuka, akampa binti mkono, akaenda kununua kahawa, na aliporudi aliomba mechi nyingine. Heshima yangu kwake imeongezeka.

Kwa wanaoanza, nawashauri wajifunze kulinda kwanza. Mwanzoni paka na mbwa hukaa mstari wa pili, na wengi huwadharau kwa sababu ni wadogo, huwatuma mbele wakafe. Tazameni vizuri. Paka akisogea hatua moja tu kuelekea katikati, anagusa mitego miwili kati ya mitatu. Mbwa akifanya hivyo upande wa pili, naye anagusa miwili. Kwa hatua hizo mbili mitego yote ina mlinzi, na pangoni hakuna mlango mwingine, kila anayekuja lazima apite mtegoni. Adui mkubwa anaweza kumla paka kwanza, ni kweli, lakini hilo linamgharimu zamu, na zamu moja ndiyo mara nyingi unayoihitaji.

Panya naye asiharakishwe. Kete zinapopangwa, tembo wako anatazamana moja kwa moja na panya wa mwenzako kwenye safu ya pembeni, kwa hiyo tangu hatua ya kwanza mkubwa wako yuko hatarini. Panya aliye majini hawezi kuguswa na yeyote isipokuwa panya mwenzake aliyemo humo humo, na akikaa kwenye njia ya mruko, simba na chui milia hawaruki. Hata wako mwenyewe! Nimeona watu wakimweka panya wao mtoni halafu wakanyanyua simba wao kuruka juu yake, na ubishi ukafika mpaka barabarani. Panya wa rangi yoyote anaziba. Vilevile panya hatoki majini moja kwa moja na kumla tembo aliye nchi kavu. Apande kwanza, ndipo ale zamu inayofuata. Akishakufa panya wa mwenzako, tembo wako anatembea uwanjani bila hofu, isipokuwa ya tembo mwenzake na mitego. Kwa hiyo anayebadilishana panya kwa paka, mimi humwona kama mtu aliyeuza kiwanja anunue simu.

Kuna jambo la mruko ambalo sikulisikia kwa yeyote mpaka fundi wetu wa viatu alipolionyesha, na naona lifahamike kwa wote. Wanyama wawili wanaolingana, tuseme simba na simba, anayesogea kuwa jirani ya mwenzake ndiye anayeliwa. Mwishoni, wanyama wakiwa wamebaki wachache na hakuna kete nyingine ya kupotezea zamu, kila kitu kinategemea nani analazimika kukaribia. Fundi aliupaka ubao rangi mbili kama wa drafti, ingawa mchezo hauhitaji. Kila hatua ya kawaida inabadilisha rangi ya mraba uliosimama. Simba akiruka mto kwa upana, anavuka maji ya miraba miwili na kutua wa tatu, rangi inabadilika vilevile. Akiruka kwa urefu, anavuka mitatu na kutua wa nne, na rangi inabaki ileile. Maana yake, ukiwa na zamu wakati simba wako na wa mwenzako wamesimama kwenye rangi moja, wewe ndiye uliyebanwa, na mruko wa urefu ndio unaomgeuzia mwenzako kibano hicho. Wacheza drafti waliposikia haya walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kuomba ubao. Lile neno la chekechea sijalisikia tena.

Mbao zenyewe tumezitengeneza wenyewe. Mabaki ya plaiwudi tuliyapata kwa mafundi wa Keko, mchora mabango wetu akachora mito na mapango, na kete ni vizibo vya soda kama tulivyozoea kwenye drafti. Picha kwenye vizibo zilikuwa ndogo, wazee hawakuweza kutofautisha mbwa na mbwa mwitu, kwa hiyo tumeongeza namba: panya 1 hadi tembo 8. Atakayechukua ubao kwenda nao nyumbani aandike jina lake kwa katibu. Vizibo viwili vya tembo havijulikani viliko.

Suala ambalo kamati imeshindwa kulimaliza ni kama tembo naye anaruhusiwa kumla panya. Duniani watu wanacheza namna zote mbili. Wanaosema anaruhusiwa wanashikilia kuwa mkubwa ni mkubwa na zamu ni zamu. Wanaosema haruhusiwi, nami nimo, wanaona tembo asiyeweza kumgusa panya analazimika kumkimbia, na mbio hizo ndizo zinazoufanya ubao wote uchangamke. Akiruhusiwa, panya atakaa mtoni muda wote akiogopa kupanda, na mchezo utalala. Jambo hili litapigiwa kura leo, mara moja tu, na matokeo yake yataandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kanuni ya kurudiarudia hatua imeshapitishwa: hali ileile ya ubao ikijitokeza mara ya tatu, aliyeanza kukimbizana abadilishe hatua au ahesabiwe ameshindwa.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kupeleka mbao chache kwenye shule ya msingi ya jirani, mchana baada ya vipindi, iwapo mwalimu mkuu ataridhia. La pili ni kujifunza mchezo mwingine wa wanyama, Bagh-chal wa Nepal. Huo una mistari yenye vituo 25. Upande mmoja una chui milia wanne wanaoanzia kwenye pembe nne, na mwingine una mbuzi 20 wanaoingizwa mmoja mmoja. Chui milia wakila mbuzi watano wameshinda, mbuzi wakiwabana chui milia wote wasisogee, wameshinda wao. Ubao wake unachorwa kwa chaki sakafuni, na mbuzi tunao tayari, maana seti moja ya bao ina kete 64. Wazee wa bao, nawategemea ninyi katika hili. Nimeona mnavyohesabu kete kwa macho, na mchezo wa kubana unawafaa kuliko vijana wanaokimbilia kula.

Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tulishawasomea dua na kuwaombea, na familia zao zipo nasi leo. Karibuni sana.

Baada ya taarifa hii atafuata mweka hazina, kisha kura ya tembo na panya, kisha uchaguzi wa katibu msaidizi, ambaye kamati inaomba awe mtu mwenye nyumba yenye kibaraza kipana. Mwenye swali kuhusu taarifa ainue mkono, aseme jina lake, na aulize swali moja.

Naomba kuwasilisha.