Kusini tuliwahi kuwa na reli

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotoka habari za reli inayopangwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, hakosi mtu wa kusema kwamba hatimaye Kusini nako kutapata reli kwa mara ya kwanza. Nimelisikia hilo redioni, nimelisikia mikutanoni, na majuzi nimelisoma gazetini. Si kweli. Naomba nafasi nisahihishe, kwa sababu vijana wanaoambiwa hivyo ndio hao hao wanaopita juu ya tuta la reli wakienda mashambani, wasijue wanakanyaga nini.

Reli ilikuwepo. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikapanda na bonde la Mto Lukuledi kuelekea Nachingwea. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, wakaazimia kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kufyekea pori. Na kwa kuwa hori ya Lindi haikuweza kubeba meli kubwa, ikaamuliwa bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara. Makao makuu ya jimbo nayo yakahama Lindi kwenda huko huko. (Ndugu zangu wa Mtwara wasinune, ndivyo ilivyokuwa.)

Karanga zenyewe zilikataa. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuachana na mradi, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimeteketea. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya mzigo iliyojengewa kufa! Reli ikaunganishwa na bandari hiyo, ikapelekewa na tawi Masasi, ikajikongoja hivyo hivyo hadi ilipofungwa mwaka 1962. Kisha vyuma vikang'olewa.

Nani aling'oa, kwa nini, na vyuma vilikwenda wapi? Kila kijiwe huku kina jibu lake, na mengi ni ya lawama. Mimi naona sababu haihitaji mchawi. Njia ilitandikwa kwa ajili ya zao moja ambalo halikuota, na aliyeitandika hakujishughulisha kuuliza wakulima wa bondeni walikuwa na nini cha kusafirisha.

Bonde lenyewe halikuwa na kosa. Limekaa kati ya uwanda wa juu wa Makonde na ule wa Rondo, na tangu zamani anayetaka kwenda bara kutoka Lindi hupita humo. Misafara ya pembe na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishuka humo. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, na ya Waingereza yalikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, yakapigana siku nne, katika mapigano yaliyoua watu wengi kuliko karibu yote ya vita ile Afrika Mashariki. Leo barabara ya lami ya Mingoyo hadi Masasi inalifuata bonde hilo hilo, na abiria wa basi wanasinzia tu.

Shule niliyosoma, kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Mwalimu wa zamu alikigonga kwa nati kubwa, mlio ukafika hadi kisimani. Miaka saba tulikiitikia, na hakuna aliyetuambia kilitoka wapi. Tuta nalo linaisha. Kuna mahali malori yanachota kifusi chake kwenda kujengea, na kalavati za zege zimebaki zikining'inia peke yake shambani, bila njia juu wala chini.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu si makubwa: kibao Mkwaya, kingine Nachingwea, na mtu wa utamaduni mwenye kinasa sauti awafuate wazee waliofanya kazi kwenye reli ile. Kijana wa miaka 18 mwaka 1962 sasa amepita 80, kwa hiyo huyo mwenye kinasa sauti asisubiri bajeti ya mwaka kesho.

Kwa wenye mradi mpya nina swali moja. Tumeelezwa sana kuhusu matawi ya Mchuchuma na Liganga, makaa ya mawe na chuma. Korosho za Tandahimba, Newala na Masasi, ambazo kila msimu tunaziona zikipangana barabarani kwenye malori, zimetengewa mabehewa mangapi, na zitapakiwa kituo gani?

Msomaji wenu,
Mtama, Lindi