Mpira wa mikono nao upewe nafasi magazetini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Kila siku ya mashindano yale nilinunua magazeti ya Kiswahili nikitafuta habari za mpira wa mikono wa wanaume, na nilichoambulia ni mistari miwili au mitatu chini ya ukurasa, huku habari za usajili wa wanasoka wa Ulaya zikijaza kurasa nzima.

Tarehe 7 Agosti, Misri ilikutana na Hispania katika robo fainali iliyochezwa Lille. Dakika 60 zilikwisha kwa sare ya 25-25, zikaongezwa dakika 10, na Misri ikatolewa kwa tofauti ya bao moja tu, 29-28. Wala haikuwa imefika hapo kwa kubahatisha, kwani katika kundi lake ilizifunga Hungaria, Norway na Argentina, na ikatoka sare ya 26-26 na Ufaransa, waliokuwa wenyeji na pia mabingwa watetezi. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Misri hiyohiyo ilishika nafasi ya nne, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Olimpiki katika mchezo huu. Hispania waliotolewa jasho namna ile na Misri ndio walioondoka Paris na medali ya shaba. Dhahabu ilichukuliwa na Denmark, iliyoichapa Ujerumani 39-26 katika fainali.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari. Kila mwaka, kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, vijana wangu huchora uwanja wenyewe: mmoja hushika kamba ya mita sita kwenye mwimo wa goli, mwingine huzunguka nayo robo duara, na wa tatu hufuata nyuma akimwaga chokaa. Wanajua kwamba mchezaji anaweza kurukia ndani ya mstari ule na kufunga, mradi mpira umtoke mkononi kabla hajakanyaga chini. Wasichokijua, kwa sababu hakuna aliyewaandikia kwa lugha yao, ni kwamba kuna Waafrika wanaofanya hivyo mbele ya makipa bora duniani na kuwafunga.

Olimpiki ijayo itafanyika Los Angeles mwaka 2028. Naliomba dawati lako la michezo lichapishe mapema ratiba ya mpira wa mikono, na baada ya kila mechi ya timu ya Afrika litoe walau safu moja yenye majina ya wafungaji na maelezo ya namna mabao yalivyopatikana. Safu hiyo nitaikata na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule asubuhi hiyohiyo.

Mwalimu wa michezo,
Morogoro