Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee mlioanzisha chama hiki cha magari ya zamani na vijana mlioingia mwaka huu, karibuni.

Hesabu atazisoma Mhazini, sitamwingilia. Ada zimelipwa kwa kusuasua, wanaojijua wanajijua. Safari ya Bagamoyo tulikwenda, ya Morogoro iliahirishwa kwa mvua. Muda wangu uliobaki nautumia kwenye ziara yetu ya maonyesho ya magari ya zamani na ya kutengenezwa upya kule Kinondoni, maana nilirudi na msimamo tofauti na ule niliowaombea kura, wa kutopokea chamani magari yaliyobadilishwa.

Tulitoka magari manne. Langu, Peugeot 504, likachemsha kwenye foleni ya makutano ya Morocco. Wenye 504 mnajua feni yake haizunguki muda wote: injini ikipata moto, sumaku ya umeme ndiyo huikamata. Kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo ilikuwa imekwisha, feni imelala. Aliyesimama si mmoja wetu (nyie watatu mlishafika, mnakunywa madafu). Ni kijana mwenye Toyota Mark II iliyoshushwa hadi inakwaruza matuta, ekzosi inanguruma kama boti. Akanipa shikamoo kwanza, ndipo akafungua boneti. Alikaza skrubu ili feni ishikane na puli moja kwa moja, akajaza maji, akasema, "Twende mzee, mimi niko nyuma yako."

Uwanjani kulikuwa na Land Rover za zamani, Volkswagen za mgongo wa kobe, na Peugeot 404 nyeupe iliyotukusanya wote. Wazee wakamtaja Bert Shankland, mkazi wa Tanzania aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa 404, enzi mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Hapo tungeweza kukesha.

Mzozo ulianza kwenye Datsun 1200 iliyowekwa injini ya Toyota yenye turbo. Mzee wetu mmoja akasema hiyo si Datsun, ni Toyota iliyovalishwa kanzu ya Datsun. Nilicheka, nikainama chini. Sakafu ililiwa na chumvi ya bahari, wameikata na kuchomelea bati jipya, kazi safi. Mwenyewe aliikomboa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikisubiri kupimwa kwa kilo. Na injini yake ya asili, A12? Iko nyumbani, imepakwa grisi, imefunikwa turubai.

Sasa tuambizane ukweli. Tumewanunia vijana hawa wanaobadilisha magari miaka yote, huku magari ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki yakiishia kwenye mizani ile ile, na sisi tulikuwa msibani tukila pilau. Hakuna aliyeuliza funguo ziko wapi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza magari yaliyobadilishwa yapokelewe chamani, kwa sharti kwamba kilichotolewa kitunzwe: injini, kabureta, hata taa. Mnaopinga nafasi mtaipata, ila naomba mkaiangalie ile sakafu kwanza.

Mwanachama wetu wa Tabata amejitolea kontena la kuhifadhia, na ufunguo uko kwa Katibu. Mwenye injini ya 404 aliyesema ataiuza wiki hii, tafadhali asubiri hadi Jumamosi. Nitakuja na kirikuu.