Priest alitoka, na Scatter je?

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala yenu ya sinema za watu weusi wa Marekani za miaka ya 70, pale mwandishi aliposema zote zilikuwa zinasifia majambazi na wauza unga basi. Mi hizo muvi nimeziangalia tangu mdogo, mjomba alikuwa na kanda za vidio kabati zima, na naona kazionea, ila pia kuna jambo kubwa kalipita hivihivi.

Chukueni Super Fly ya 1972. Steringi wake, Priest, anauza kokeni Harlem, mtaa wa watu weusi New York, gari anayo, nguo anazo, wanawake wapo, na kachoka. Anataka kuacha. Hapo tu tayari sio kusifia, mtu anayeipenda kazi yake hatafuti mlango wa kutokea. Shida ni mlango aliouchagua, wauze kilo 30 yeye na mwenzake Eddie, wapate dola milioni moja halafu ndo astaafu, yani aache unga kwa kuuza unga mwingi kuliko siku zote.

Na mzigo anaufuata kwa nani? Kwa Scatter, mzee aliyemwingiza kwenye hiyo biashara, ambaye mwenyewe alishaacha, ana mgahawa wake, katulia. Priest anambembeleza mpaka mzee anakubali kwa shingo upande kwamba mara hii tu, na polisi wala rushwa wanakuja kumuua kwa kumzidishia dawa. Mi nikifika hapo huwa nasimamisha kwanza. Hadithi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa ametoka kweli, na aliyemrudisha ndani ni huyu anayetafuta kutoka!

Halafu kuna Freddie, mmoja wa vijana wanaomuuzia Priest unga, alipokwama kulipa hela Priest akamtishia kwamba mkewe ndo atapelekwa barabarani akajiuze. Baadae Freddie anakamatwa, anapigwa mpaka anasema siri, anakimbia, gari inamgonga anakufa. Curtis Mayfield, mwanamuziki aliyetunga nyimbo za hiyo muvi, alimtungia wimbo wa kumlilia, lakini ndani ya muvi unasikia vyombo tu, maneno yenyewe yako kwenye santuri, kwahiyo aliyeishia kuangalia sinema hajawahi kusikia mtu akimlilia Freddie.

Mwaka huohuo Junius Griffin wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, tawi la kule Hollywood, alizipinga sana hizi sinema, na hasira zake nazielewa, watoto walikuwa wanataka kuvaa kama Priest. Ila kusema kosa ni steringi kushinda, hapo sikubali. Sisi tumekua tukijua steringi hafi, kule mtu mweusi kwenye sinema alizoeleka kuwa mtumishi au wa kufa mapema, sasa leo anawachapa polisi waliooza na anaondoka na hela yake, lazima ukumbi ulipuke. Hata Goldie, yule kuwadi wa muvi ya The Mack (1973), anaondoka Oakland akiwa hai, ila mama yake keshakufa.

Na mwongozaji wa Super Fly, Gordon Parks Jr., mwandishi wenu hakumtaja kabisa, wakati alifia hapahapa Kenya mwaka 1979 kwa ajali ya ndege akiwa kwenye kazi ya filamu.

Naomba mkiandika tena kuhusu Priest muwaweke na Scatter na Freddie, kwa majina yao.

Msomaji wenu,
Mombasa