Kura Zilipohesabiwa Upya: Barua kwa Mwalimu

Kakamega,
3 Februari 2023.

Mpendwa ndugu yangu Mwalimu,

Pokea salamu zangu, na unifikishie nyingine kwa shemeji na watoto. Natumai muhula umeanza salama huko Kisumu. Katika barua yako ulitaka kujua iwapo ni kweli kwamba masanduku ya kura yamefunguliwa tena huku kwetu, na iwapo nilikuwemo. Ni kweli, na nilikuwemo tangu lakiri ya kwanza, yaani kile kifungo chenye nambari kinachofungia sanduku, ilipokatwa.

Kiti kinachozozaniwa ni cha mwakilishi wadi, ndiyo maana kesi iko mbele ya hakimu mkazi. Ingekuwa ya gavana, ingesikizwa na jaji wa Mahakama Kuu. Sheria humpa mlalamishi siku 28 baada ya matokeo kutangazwa awe amewasilisha kesi, na mahakama hupewa miezi 6 kuiamua, tofauti na kesi ya urais ambayo Mahakama ya Juu huimaliza kwa siku 14. Mgombea wetu, ambaye ndiye mlalamishi, alishindwa kwa kura chache, akaniomba niwe miongoni mwa mawakala wake wakati wa kuhesabu upya. Hakimu hakukubali wadi nzima ifunguliwe. Aliamuru vile vituo tu ambavyo mlalamishi alikuwa amevitaja na kuvitolea ushahidi, na naona alifanya haki, kwa sababu masanduku ya umma hayapaswi kufunguliwa kwa kubahatisha.

Kazi yenyewe ilisimamiwa na msajili wa mahakama. Mawakala wa pande zote mbili tuliketi mkabala, maafisa wa Tume ya Uchaguzi wakiwa kando na polisi mlangoni. Kabla ya sanduku lolote kufunguliwa, nambari ya kila lakiri ilisomwa kwa sauti na kulinganishwa na ile iliyoandikwa usiku wa uchaguzi, nasi tukainama kuitazama kwa macho yetu. Hapo ndipo karani alipozikata, akatoa vifurushi vya karatasi, na msajili akaanza kuinua kura moja moja, akiigeuza mbele na nyuma ili tuione sote, akitaja jina la aliyepigiwa, huku makarani wawili wakitia alama kila mmoja kwenye karatasi yake. Makarani wakitofautiana hata kwa kura moja, kifurushi kizima kilirudiwa. Kituo kimoja kwa sheria hakizidi wapiga kura 700, idadi inayosikika ndogo mpaka uketi usikilize kila karatasi ikiitwa. Hakuna aliyelalamika kuhusu muda. Hata wale waliokuja na hasira walinyamaza, wakahesabu kimoyomoyo.

Katika sanduku la pili palitokea karatasi ambayo bado ninaiona. Aliyeipiga hakuweka tiki kwenye kisanduku, bali aliichora juu ya nembo ya chama, kubwa, kwa mkono wa mtu ambaye nadhani hakuzoea kalamu. Msimamizi wa kituo alikuwa ameitupa miongoni mwa kura zilizokataliwa. Sasa, kanuni za uchaguzi zinasema wazi kwamba kura haibatiliki kwa sababu tu alama imewekwa mahali pasipo pake, mradi nia ya mpiga kura ionekane bila shaka. Nia ya huyu ilikuwa wazi kama mchana. Msajili hakuamua chochote, kwa kuwa si kazi yake. Aliiweka kando, akaandika maelezo, pande zote zikatia sahihi, na hakimu ndiye atakayesema. Karatasi hiyo haikuwa ya mgombea wetu. Hata hivyo niliumia kwa niaba ya mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri siku ya uchaguzi, tarehe 9 Agosti 2022, sauti yake ikaishia kwenye bahasha ya kura zilizokataliwa.

Tofauti kubwa zaidi tuliyoikuta haikuwa ya wizi. Katika kituo kimoja kura za mgombea wetu zilikuwa 131, ilhali Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo kwa kiti cha mwakilishi wadi, ilionyesha 113. Karatasi zenyewe zilikuwa kamili ndani ya sanduku. Aliyejaza fomu alipindua tarakimu, pengine usiku wa manane, na mawakala wote, wetu akiwemo, wakatia sahihi. Tangu Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, watu wetu wengi hutarajia kila kesi ifichue njama. Mimi nilichokiona ni uchovu, pengine mwanga wa kibatari baada ya umeme kukatika, na fomu isiyosomwa mara ya pili. Si jambo dogo hilo, maana hizo kura 18 zilikuwa za watu wenye majina, na ilibidi mahakama iingilie ili zipatikane.

Linalonisumbua ni kwamba dawa ilikuwepo usiku uleule. Kanuni zinamruhusu mgombea au wakala aliyepo kituoni kudai kura zihesabiwe upya palepale, mradi isizidi mara mbili. Hakuna ada, hakuna wakili. Vijana wetu wengi huwekwa kituoni kwa posho ya siku moja bila kuambiwa haki hiyo, na ifikapo saa tisa za usiku wanachotaka ni kwenda kulala. Tunawatafuta kwa sababu ni wafuasi waaminifu, ilhali kinachohitajika ni mtu mtulivu, anayesoma nambari polepole na asiyeona haya kusema, "Tafadhali, turudie."

Ndiyo maana nakuandikia wewe hasa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na ninajua huna chama, ndivyo ninavyokutaka. Ninanuia kukusanya watu wa kanisa na wa chama cha akiba, wa mirengo yote, tuwafundishe kujaza fomu za kituo na kuzikagua kabla ya sahihi, kwa kutumia karatasi za mfano tutakazozichora wenyewe. Wewe umesahihisha hesabu za watoto miaka yote hii na jicho lako haliruki tarakimu. Niambie kama unaweza kuja likizo ya Aprili, tuanze na kikundi cha kwanza. Malazi ni kwangu, na nauli tutasaidiana.

Hakimu bado hajatoa uamuzi. Ukitoka nitakutumia nakala.

Ni mimi ndugu yako,
wa Kakamega.